Watano kwenye Fomu

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama katikati ya sebule, mtoto mmoja kiunoni, mwingine kaning'inia kwenye sketi yangu, na geti linagongwa. Niliahidi kueleza kila kitu bila kujisafisha. Leo ndiyo siku yenyewe, na mkono mzito kuandika.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni mlezi wa watoto. Nilikuwa kwenye chumba cha watoto cha kiwanda cha nguo, kiwanda kikakifunga, akina mama wakanifuata nyumbani na watoto wao mgongoni. Mtaa wetu ni wa makazi tu. Watu wa mipango miji wanakuruhusu kulea watoto wa wenzako nyumbani, ila wasizidi watano, wakae chumba kimoja, bango lisiwepo getini, na kibali kiwe ukutani. Bango nililitoa. Kibali nilikuwa nacho, cha watoto watano.

Watoto nilikuwa nao tisa.

Siwezi kusema wote wanne wa ziada niliwapokea kwa huruma. Wa kwanza, ndiyo. Waliofuata niliwapokea kwa sababu nilishazoea, na kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Halafu ikabandikwa notisi getini: ukaguzi wa nyumba, Alhamisi. Nilimshuku Mstaafu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hukaa barazani kutwa nzima na daftari, anaandika kila gari linalosimama mtaani kwetu. Nikajipanga: Alhamisi wale wanne watashinda kwao.

Geti liligongwa Jumatatu, saa tano asubuhi.

"Wifi," nilinong'ona. "Viatu."

Hapa inabidi mjue namna ninavyofanya kazi. Mimi sihesabu vichwa. Vichwa vya watoto havitulii, utahesabu kimoja mara mbili na kingine usikione. Nahesabu viatu. Kila mtoto akifika asubuhi anavua mlangoni, viatu vinapangwa ukutani, na hapo hapo najua nina wangapi. Na hakuna mtoto anayevalishwa viatu mpaka aliyemfuata awe amesimama mlangoni. Watoto wenyewe wanajua hivyo. Mtoto akiona viatu vyake vimeshikwa mkononi, ananyoosha miguu, maana amefuatwa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunaishi naye na ndiye msaidizi wangu, alivizoa viatu vyote akavitia kwenye gunia. Alitakiwa kuacha jozi tano. Alibabaika, nami nilikuwa nimebabaika kuliko yeye, sikumwona.

"Chukua wanne wanaojua kunyamaza," nikamwambia. "Jifiche nao stoo. Nikikohoa mara tatu, toka nao kichochoroni kwa mlango mdogo wa nyuma. Usirudi mpaka uone shuka la njano kwenye kamba."

"Na wakilia?"

"Hawatalia. Waambie ni mchezo wa kunyamaza."

Mchezo huo ni wangu, niliuanzisha kwa ajili ya saa za kulala. Anayenyamaza mpaka niseme mchezo umekwisha, anapata biskuti. Wifi alichukua pacha wawili, wasichana. Akamchukua Meneja, mtoto wa miaka minne anayewaamrisha wenzake hata namna ya kukaa. Na akamchukua Kimya.

Kimya alikuwa na miaka mitatu na nusu. Tangu aje kwangu, sauti yake nilikuwa nimeisikia labda mara nne. Mama yake ni fundi wa kushona vifungo kiwandani, na siku ya kwanza alipomleta alinishika mkono kwa nguvu.

"Dada, mtoto huyu asipewe mtu mwingine yeyote. Hata akisema ni baba yake. Hasa akisema ni baba yake."

Nilimwambia aende kazini kwa amani.

Nikafungua geti. Alikuwa mwanamume mmoja tu, suruali imenyooshwa pasi, mkoba wa kitambaa begani, faili mkononi, kitambulisho kinaning'inia shingoni kwa kamba ya bluu. Kitambulisho kilikuwa kimegeuka, upande wenye picha umelala kifuani kwake. Sikumwomba akigeuze. Nani anamwomba afisa ageuze kitambulisho wakati nyuma ya nyumba kuna watoto wanne wa magendo?

"Karibu, afisa. Ila notisi ilisema Alhamisi."

"Tukija siku tuliyosema, tunakuta nyumba imepambwa." Akacheka kidogo. "Watoto wangapi, mama?"

"Watano."

"Watano tu?"

"Watano, afisa."

"Basi tuandike kabisa."

Akatoa fomu papo hapo, kabla hata hajaketi. Akaandika watano kwa tarakimu, akaandika kwa maneno, akanipa kalamu. Nikasaini. Nikamshukuru Mungu kwamba nimepata afisa mwenye haraka.

Kisha akavuta futi yake ya chuma, akaigusisha ukutani mara moja, akaiachia ikarudi ndani bila kuandika kitu. Akachuchumaa mbele ya watoto. Alimtazama kila mmoja usoni, mmoja baada ya mwingine, hata yule aliyekuwa kageukia ukutani alimgeuza taratibu kwa kidole kidevuni. Nikasema moyoni, huyu naye ana watoto kwake.

"Mbona hawana viatu?"

"Vimefuliwa, afisa."

"Vyote?"

"Wamecheza kwenye tope."

Hakukuwa na tope. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

"Hakuna mwingine aliyelala chumbani?"

"Hakuna."

"Uani?"

"Uani kuna stoo na kamba ya nguo."

"Nitatazama uani."

Nikakohoa mara tatu, kikohozi cha mtu wa kulazwa. Nilitaka kumfuata, lakini yule mdogo kuliko wote akatapika maziwa begani kwangu, na wa pili yake akaona aanze kulia ili asipitwe. Afisa akatoka uani peke yake. Nilisikia mlango wa stoo ukifunguliwa. Nikangoja kusikia sauti ya wifi, au ya mtoto, au ya afisa akiniita.

Hakuita. Alirudi ametulia tuli. Mkoba wake ulioingia umelala, sasa ulikuwa umetuna kidogo upande mmoja. Nililiona hilo. Nililiona nikalipita, kwa sababu alikuwa ananipa mkono wa kuaga.

"Umefuata sheria, mama. Wengi hawafuati." Akachana nakala ya fomu akanikabidhi. "Itunze hii."

Nikafunga geti nyuma yake. Nikaketi sakafuni pale pale mlangoni na yale matapishi begani, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka kilio. Shuka la njano lilikuwa kwenye beseni, nimelisahau kabisa. Dakika tano zilipita, pengine saba. Hizo dakika nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Nilipolitundika, wifi aliingia kupitia mlango mdogo wa nyuma. Pacha mmoja mkono wa kulia, pacha mwingine wa kushoto, Meneja mbele yao.

"Kimya yuko wapi?"

"Si ameingia?" wifi akasema.

"Ameingia wapi?"

"Nilipogeuka walikuwa watatu. Nikajua amerudi stoo. Si unamjua alivyo, anaenda bila hata kugusa mlango."

Tulikimbilia stoo. Kulikuwa na ndoo, magodoro ya watoto, na lile gunia pembeni. Nikatazama nyuma ya magodoro. Nikatazama chini ya vitanda, ndani ya kabati, nyuma ya pazia la bafu. Pipa la maji lilikuwa na mfuniko, na kabla ya kuufunua nilifumba macho. Nilipoyafumbua niliona maji tu na uso wangu.

"Mwite," wifi akasema.

"Hataitika. Tumemwambia anyamaze."

Yule mtoto ni mtiifu. Angeweza kuwa hatua mbili kutoka kwangu, amejibanza mahali, anasikia kila kitu, na asiitike kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza. Nikasimama katikati ya ua nikapaza sauti. "Kimya! Umeshinda, mama! Njoo uchukue biskuti yako!"

Kichwa kilichotokea kilikuwa cha Mstaafu, juu ya ukuta.

"Unatafuta nini, binti?"

Kama niliahidi kutojisafisha, basi ni hapa. Nilikuwa na mtu mzima mbele yangu, mwenye macho, anayejua kila kinachopita mtaani. Ningesema, mzee, nimepoteza mtoto. Lakini nilikuwa nimetoka kusaini watano, na watano walikuwa sebuleni. Nikafikiria kibali kabla ya kumfikiria mtoto. Nilivuta pumzi mara tatu hivi nikiwaza kibali.

"Kuku," nikasema.

"Wewe hufugi kuku."

"Nimeanza."

"Kuku nao wanataka kibali," akasema, akionyesha kwa kidole chake kirefu. "Na yule afisa wako hajaondoka bado. Gari lake lile pale kona, jeupe. Ukitafuta hao kuku wako, tafuta kwa adabu."

Nikarudi nyuma kama niliyemwagiwa maji ya moto. Nikamwambia wifi tusipite upande ule wa kona, asituone. Tukagawana. Yeye akashika kichochoro mpaka kwenye karakana ya seremala, mimi nikaenda upande wa duka la dawa, nikauliza kwa sauti ya chini chini, mmeona mtoto wa kike, peku, gauni la maua? Hakuna aliyemwona. Tulitafuta mtaa mzima isipokuwa ile kona.

Niliporudi, wifi alikuwa ameshafika, anahema, mkono kifuani.

"Wifi, lile gunia ulitoka nalo?"

"Ningetoka nalo vipi? Mikono miwili, watoto wanne. Ningelibeba kwa meno?"

Sijui kwa nini nililimwaga. Nadhani mikono ilitaka kufanya kazi iliyoizoea. Nikalibwaga gunia zima sebuleni nikaanza kupanga viatu ukutani, jozi kwa jozi. Moja, mbili, tatu. Vile vya Meneja vyenye kamba za kijani. Vya pacha. Nikafika nane na sakafu ikawa tupu.

Sandali nyekundu za Kimya hazikuwamo. Zile zenye bizimu pembeni, ambazo hata mimi zinanichukua muda kuzifunga. Yeye hawezi kuzifunga mwenyewe.

"Wifi," nikasema, "kuna mtu amemvalisha viatu."

Wifi aliketi chini.

Ndipo nikamtazama Meneja. Alikuwa amesimama na pacha kando ya ukuta, wote watatu wamebana midomo, Meneja kaziba wake kwa viganja viwili. Walikuwa wameingia hivyo hivyo. Tulikuwa tumekimbia mbele yao na nyuma yao, tunaulizana sisi kwa sisi, na wao wametulia wanatutazama. Hakuna aliyekuwa amewaambia chochote.

Nikapiga magoti.

"Mchezo umekwisha."

Meneja akashusha pumzi ndefu. "Nani ameshinda?"

"Kimya yuko wapi, baba?"

"Ameenda nyumbani."

"Nyumbani na nani?"

"Amefuatwa. Alimwonyesha viatu vyake, akanyoosha miguu, akamvalisha."

"Nani, Meneja? Nani alimvalisha?"

"Yule baba mwenye kamba ya bluu shingoni."

Pacha wote wawili wakatikisa kichwa kukubali.

"Na shangazi yenu alikuwa wapi?"

"Alikuwa anachungulia mlango."

"Nilikuwa nangoja shuka," wifi akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Jicho langu lilikuwa kwenye ufa wa mlango. Nilikuwa nangoja shuka lako, wifi."

"Mbona hukusema?" nikamuuliza Meneja, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Tulikuwa hatujaambiwa basi."

Sikumbuki kufungua geti. Nakumbuka lami ilikuwa ya moto na mimi pia nilikuwa peku. Gari jeupe lilikuwa bado pale kona, injini inanguruma, yeye yuko kwenye usukani anaongea na simu. Alikuwa hajaenda popote. Muda wote niliokuwa nanyata kwenye vichochoro ili asinione, alikuwa ameketi pale.

Nilipiga kioo cha nyuma kwa viganja. Kilikuwa cheusi, lakini jua lilikuwa upande wangu, nikaona ndani. Sandali nyekundu zilikuwa zinaning'inia pembeni mwa kiti, hazifiki chini. Kimya alikuwa ameketi wima, mikono mapajani. Aliponiona hakulia wala hakushtuka. Aliinua kidole kimoja akakiweka mdomoni.

Bado alikuwa anacheza.

"Fungua! Fungua mlango! Huyo ni mtoto wangu!"

Kioo cha mbele kikashuka kidogo. Sura yake haikuwa na hasira hata chembe.

"Mtoto yupi, mama?"

"Huyo hapo nyuma. Yuko mikononi mwangu. Mama yake aliniachia mimi."

"Kwako kuna watoto watano. Nimewahesabu. Umesaini mwenyewe." Akainua ile fomu nione. "Huyu hakuwepo kwako. Hajawahi kuwepo."

"Walikuwa tisa," nikasema. "Afisa, walikuwa tisa. Nilidanganya. Chukua kibali, funga nyumba, nishtaki, mtoto uniachie."

"Sasa ndiyo unawakumbuka?"

Nikashika kitasa cha nyuma nikavuta. Kilikuwa kimefungwa. Nikaweka mdomo kwenye kioo. "Kimya! Mchezo umekwisha! Mchezo umekwisha, mama, piga kelele!"

Midomo yake ikafunguka. Kupitia kile kipenyo cha kioo cha mbele niliisikia sauti yake, ndogo, safi kabisa.

"Shangazi, nimeshinda?"

Gari likaondoka na kitasa kikanichomoka vidoleni. Nililikimbilia mpaka kwenye duka la dawa, pumzi zikaniishia, nikainama na kushika magoti. Watu walikuwa wametoka kutazama. Hakuna aliyejua anatazama nini.

Mstaafu alinikuta pale pale. Sijawahi kumwona nje ya geti lake. Alikuwa amevaa malapa ya ndani na daftari limebanwa kwapani.

"Huyo si kuku," akasema.

"Hapana, mzee."

Akafungua daftari. "Namba ya gari hii hapa. Limekuwa likisimama pale kona tangu Jumatano. Hata ile notisi getini kwako, ni yeye aliyeibandika, kwa mkono wake. Juzi alinisalimia vizuri, akaniuliza kwako kuna watoto wangapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia tisa, binti. Mimi naandika tu ninachokiona, sikuwahi kukusema popote. Nilidhani ni mzazi anatafuta nafasi, maana notisi alikuwa hajaibandika."

Basi alijua. Alipokuwa anaandika watano kwa tarakimu na kwa maneno, alijua kwamba ni tisa, na alijua kwamba nitasaini.

Mstaafu alichana ukurasa akanipa. "Nenda polisi sasa hivi. Lakini watakuuliza ulikuwa na watoto wangapi, na hiyo karatasi nyingine uliyo nayo wataisoma."

Nikatazama mkononi. Nilikuwa nimekimbia na nakala ya fomu bila kujua, imelowa jasho, ila saini yangu ilikuwa inasomeka vizuri.

Simu ikaita mfukoni mwa sketi. Akina mama wa kiwandani hufungiwa simu zao mpaka saa kumi, kwa hiyo kabla ya saa kumi huwa hanipigii hata mmoja. Ilikuwa haijafika hata saa saba. Nikatazama jina, nikaacha iite, ikaita mpaka Mstaafu akanigusa bega. Nikapokea.

"Dada, shikamoo," alisema Mama Kimya, na nyuma yake nilisikia wenzake wakicheka. "Leo bahati yetu. Umeme umekatika, wametuachia mapema. Nimeshashuka kituoni, dakika kumi niko hapo. Mvalishe viatu."